Onyesho Moja la Vikaragosi, Mwanza na Prague

Kikundi cha Ulaya, tuseme cha Prague kule Cheki, kikitaka mfanye pamoja onyesho la vikaragosi kwa intaneti, kabla hamjajadili hadithi kubalianeni kutumia vivuli. Ninachezesha vikaragosi hapa Kirumba, Mwanza, na kwa kazi hii sijaona kinachoshinda kivuli juu ya shuka jeupe. Programu za video hazitumi picha nzima kila mara, hutuma zaidi yale yaliyobadilika. Shuka limetulia, anayesogea ni kikaragosi peke yake, kwa hiyo bando linadumu na picha haigandi ovyo.

Wenzako watakuomba Ziwa Victoria lionekane nyuma, na Jiwe la Bismarck, ule mwamba wetu ulio ziwani. Nawaelewa, kwetu ni kuzuri. Lakini kila wimbi ni badiliko jipya la kutumwa, na laini ikielemewa picha yote huvunjika vipande vipande. Rekodi ziwa mapema, watumie faili, walionyeshe wenyewe kutoka kwenye kompyuta yao.

Kikaragosi kikate kwenye boksi gumu. Viungo vifunge kwa uzi mwembamba wa nyavu, ule wa soko la samaki la Mwaloni: haukatiki upesi, na ukiufunga bila kukaza, kiungo hucheza. Sangara wangu ana vipande vitatu, kichwa, kiwiliwili na mkia, na fimbo mbili tu, moja kichwani na moja mkiani. Ukizidisha fimbo, mikono inagongana.

Taa ndiyo inayowashinda wengi. Zile za sola za wavuvi wa dagaa zina vitaa vidogo vingi, na kila kitaa kinatupa kivuli chake, ndiyo maana samaki mmoja anaonekana kama kundi. Ziba vyote kwa utepe wa karatasi wenye gundi, acha kimoja. Kivuli kinakaza, hata magamba uliyoyatoboa yanaonekana.

Kisha pimeni. Shuka la Mwanza na la Prague yawe na upana mmoja, kamera zikae umbali mmoja, na mstari wa ardhi uwe kwenye kimo kilekile. Programu ya OBS Studio, ambayo ni ya bure, inaweza kulaza picha moja juu ya nyingine hivi kwamba weupe unapotea na weusi unabaki. Sangara wako na mvuvi wao wanakutana kwenye shuka moja. Vipimo visipolingana, mvuvi ataelea hewani.

Uchelewaji haukwepeki. Prague iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa, na mwanga ndani ya nyaya za mawasiliano hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari hiyo yenyewe ni fupi. Kubana video na kuifungua ndiko kunakokula muda zaidi. Aliyezoea mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma yakicheza kwa wakati mmoja kugombea watazamaji, atatamani kupiga ngoma pamoja na wenzake wa kule. Asijaribu. Pokezaneni: wa huku aite “Hadithi, hadithi!”, wa kule waitike “Hadithi njoo!” Pengo linageuka pumzi ya mtambaji.

Saa ziandikeni kwa tarakimu za saa 24 pamoja na jina la mji. Ukiandika “saa mbili”, mwenzako atawasha taa zake saa 2:00 usiku wa manane.

Kuhusu haki, usione haya. Kabla ya zoezi la kwanza, andikeni nani anamiliki vikaragosi, nani anamiliki rekodi, na itaonyeshwa wapi na kwa muda gani. Hadithi uliyopewa na bibi yako isiishie kwenye karatasi inayowapa wengine haki zote milele. Karatasi ya namna hiyo mimi siweki sahihi. Jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, na kazi yako isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Kama hujapata wa kushirikiana naye, tafuta kupitia UNIMA, umoja wa kimataifa wa wachezesha vikaragosi ulioanzishwa Prague mwaka 1929. Tarehe nzuri ya onyesho ni 21 Machi, Siku ya Vikaragosi Duniani. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo siku hiyo bado tunawatangulia kwa saa mbili: 18:00 Prague, 20:00 Mwanza. Ni msimu wa mvua na umeme hukatika, basi chezeni ndani, ruta na taa zikiwa kwenye betri.