Somo: Kuchagua mafaili ya kuacha nje ya Git katika mradi wa Laravel

Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, hutunza kila toleo lililokomitiwa (yaani lililohifadhiwa katika historia kwa amri ya git commit), kwa hiyo faili ulilolifuta leo bado husomeka katika historia ya jana. Ndiyo maana napenda uchaguzi huu ufanyike kabla ya komiti ya kwanza.

Hatua ya 1. Fungua faili la .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git itavipuuza, katika folda kuu ya mradi. Laravel, mfumo wa PHP wa kutengeneza tovuti, huja nalo tayari. Lisome mstari kwa mstari badala ya kuliamini tu.

Hatua ya 2. Acha nje kila kinachoweza kuzalishwa upya kwa amri. Folda ya vendor (maktaba za PHP) hurudishwa na composer install, node_modules (maktaba za JavaScript) na npm install, na public/build na npm run build. Lakini composer.lock na package-lock.json lazima yaingie, kwa sababu ndiyo yanayotaja toleo kamili la kila maktaba. Bila hayo, mwenzako anaweza kupata matoleo tofauti na yako na kutafuta kosa ambalo kwako halipo.

Hatua ya 3. Linda siri. Faili la .env hubeba APP_KEY (ufunguo wa usimbaji wa programu yako), nywila ya hifadhidata na funguo za huduma za malipo, nalo halipaswi kuingia hata kama hazina (repository, mahali Git inapotunza mradi) ni ya faragha, maana wanaoruhusiwa kuisoma hubadilika kadiri timu inavyobadilika. Badala yake komiti .env.example yenye majina ya vigezo bila thamani za siri; mgeni katika timu atainakili kuwa .env, kisha ataendesha php artisan key:generate ili apate APP_KEY yake.

Hatua ya 4. Mafaili ya kompyuta yako binafsi, kama .DS_Store ya macOS, yaorodheshe katika faili lako la jumla la kupuuza, linalohusu miradi yako yote, ambalo Git huelekezwa kwalo kwa mpangilio wa core.excludesFile.

Hatua ya 5. Hakiki kwa git check-ignore -v .env, amri inayoonyesha ni mstari upi uliolizuia faili hilo. Isipotoa kitu, ama hakuna mstari unaolizuia, ama faili tayari linafuatiliwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimeandika .env katika .gitignore, lakini Git bado inaonyesha mabadiliko yake. Kwa nini?

Jibu: Ndugu yangu, .gitignore haigusi faili ambalo Git inalifuatilia tayari. Endesha git rm --cached .env, kisha komiti. Kwako faili litabaki, ila wenzako watakapovuta mabadiliko lao litafutwa, kwa hiyo waambie walinakili kwanza pembeni. Ikiwa lilishafika kwenye seva ya pamoja, badilisha nywila na funguo zote mara moja. Kusafisha historia kwa git filter-repo kufuate baadaye, kwani hakuzifikii nakala ambazo watu wamekwisha kuzichukua.

Swali: Nahitaji folda ya picha iwepo, lakini picha zenyewe zisiingie.

Jibu: Git haihifadhi folda tupu. Weka ndani yake .gitignore yenye mistari miwili, * na !.gitignore, kama Laravel inavyofanya katika storage. Usiizuie folda nzima kutoka juu, kwa sababu Git haitaingia ndani kusoma mstari wenye alama ya mshangao, unaoruhusu faili lililotajwa liingie.

Swali: Seva tuliyokodi haina Composer. Je, tukomiti vendor?

Jibu: Hapana. Endesha composer install --no-dev katika nakala ya mradi iliyo kwenye kompyuta yako, kisha pakia folda ya vendor moja kwa moja kwenye seva kwa SFTP (njia salama ya kuhamisha mafaili).