Maua ya nyanya yanapukutika? Angalia pazia zako kabla ya kununua dawa

Kila Septemba na Oktoba simu ni zile zile, Uyui, Urambo, Nzega mpaka Kasulu huko: afisa, nyanya za grinihausi zimejaa maua halafu yote yanadondoka, nipige dawa gani? Hakuna dawa hapo. Umefunga pazia za nailoni za pembeni mchana, basi.

Sababu yenu naijua, mnamuogopa kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Sasa kantangaze anazuiwa na neti, sio nailoni! Nailoni inazuia hewa tu. Nyanya inataka nyuzi 21 hadi 29 mchana, ikipita 32 chavua inaanza kudhoofika, ikipita 35 ua linakauka pale pale kwenye kikonyo na kudondoka. Na kipima joto usikitundike mlangoni ndo uniambie mbona humu poa, kinakaa kivulini usawa wa ncha ya mmea, katikati ya banda, unasoma saa 7 mchana.

Haya tupige hesabu maana hapa ndo wengi mnapoharibu. Banda la mita 8 kwa 15 ni mita za mraba 120, na uwazi wa hewa uwe kama asilimia 20 ya hiyo, yaani 24. Ukikunja pazia mita 1 pande zote mbili ndefu unapata 30 unaona umemaliza, kumbe neti ya matundu madogo inakula karibu nusu ya upepo, kwa hiyo kunja mita 1.6 kwenda juu. Neti ikijaa vumbi la kiangazi ndo kabisa, ioshe jamani, ni maji tu.

Muda: fungua saa 2 asubuhi, sio saa 6 wakati ua limeshaungua. Tena mimea ikiwa imejaa banda na umefunga, inamaliza kaboni dayoksaidi iliyomo, nje ipo kama sehemu 420 kwa milioni, ndani inaweza kushuka chini ya 200, hapo hata mbolea uweke vipi mmea umesimama. Oktoba acha wazi hata usiku. Kufunga jioni ni kwa ile baridi ya Juni na Julai.

Halafu kuna wanaomwaga maji chini saa 6 eti kupoza. Acheni! Unyevu ukipita asilimia 80 chavua inagandana, na nyie wa Kigoma mliopo karibu na ziwa hewa yenu ina unyevu tayari, mnajikaribishia ukungu wa bure. Maji ni asubuhi. Kati ya saa 4 na saa 8 mchana tikisa zile kamba zinazoshikilia mimea, chavua idondoke. Kishada kikishika nyanya 4 au 5, uko sawa.

Na wachache mliochimba bwawa la spirulina, ule mwani mdogo wa kijani-buluu unaofugwa majini kwa chakula, humo humo ndani, hao viumbe wanapenda nyuzi 30 hadi 35 na chini ya 20 karibu wanasimama kukua, ndo maana mnafunga, nyanya inalipa gharama. Ila maji ya kina cha sentimita 15 hadi 20 kwenye banda lililofungwa yanapita 38 upesi sana, hapo na spirulina yenyewe inaumia. Itengenezeeni kibanda chake, na neti ya kivuli ya kuvuta saa za jua kali.