Kuunganisha kicheza muziki na redio ya gari: waya kwanza, hewa baadaye

Kazi yangu ni redio za magari, na gari linalonipa ubishi mwingi silo lenye redio mbovu. Ni lile lenye redio nzima, kicheza muziki kizima na waya mpya, halafu mwenyewe analalamika kwamba mwimbaji anasikika kama kajifunika blanketi. Nikikagua, mara nyingi sikuti kilichoharibika. Kicheza kimewekwa sauti ndogo mno, redio inahangaika kuikuza, na chaji iliyochomekwa pembeni inamalizia kuharibu.

Haya ninayoyaeleza yanafaa kile kicheza kidogo cha MP3, simu ya zamani uliyoistaafisha ibaki ya nyimbo tu, hata kicheza CD cha kubeba mkononi. Kikiwa na tundu la hedifoni, una pa kuanzia.

Hatua ya 1: Ikague redio kabla ya kununua chochote

Chukua tochi. Mulika uso wa redio, ndani ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, ndani ya kile cha katikati ya viti, na chini ya vitufe vya kiyoyozi. Unatafuta tundu dogo la mviringo lililoandikwa AUX, tundu bapa la USB, alama ya Bluetooth, au mlango wa kaseti. Kisha bonyeza kitufe cha SRC, SOURCE au MODE mara kadhaa uone redio inapita wapi. Ikipita FM, AM, CD halafu AUX, basi njia ipo hata kama tundu hujaliona. Redio nyingine huificha AUX mpaka uiruhusu kwenye menyu, na nyingine haiionyeshi mpaka waya uchomekwe.

Usiruke hatua hii. Niliwahi kubandua dashibodi nzima ili nifunge tundu la AUX, na baada ya saa moja nikalikuta lipo siku zote ndani ya kisanduku cha katikati, limefunikwa na risiti na karatasi za peremende.

Ukishajua ulicho nacho, mimi huchagua kwa mpangilio huu: AUX au USB kwanza, Bluetooth, kaseti, na FM mwisho kabisa. Wengi huanza na FM kwa sababu haitaki waya, kisha wanakuja kuuliza kwa nini sauti inakwaruza.

Hatua ya 2: Chomeka waya wa AUX, lakini utazame pini yake kwanza

Waya unaouhitaji una pini ya milimita 3.5 pande zote mbili. Ishike pini karibu na macho. Ikiwa na mistari miwili myeusi, ina vipande vitatu: ncha ni sauti ya kushoto, kipande cha kati ni ya kulia, na shina ni hasi, yaani njia ya pamoja ya kurudia umeme. Hiyo ndiyo yako. Mistari mitatu ni pini ya simu yenye njia ya maikrofoni; mara nyingi hufanya kazi, mara nyingine hugoma. Mstari mmoja ni mono, yaani yenye njia moja tu ya sauti. Huo uache, kwa sababu ukiingia kwenye tundu la stereo shina lake hugusa njia ya kulia na kuiunganisha na hasi, na spika za upande huo zinanyamaza.

Urefu wa mita moja unatosha gari dogo. Waya mrefu unaobaki umejiviringisha karibu na gia ni kero, tena utakanyagwa.

Zima redio, chomeka pande zote mbili, sukuma mpaka usikie "tak". Kicheza kilichovishwa kava nene mara nyingi hakiruhusu pini ifike mwisho, na dalili yake ni ya ajabu: ngoma na gitaa unazisikia, lakini mwimbaji katoweka, au anasikika kama yuko chini ya kisima. Sababu ni kwamba sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa katikati, sawasawa kushoto na kulia. Hasi isiposhika, spika hubaki zikicheza tofauti ya pande mbili tu, na kilicho sawa pande zote kinajifuta. Ukisikia hivyo usiilaumu redio. Vua kava, sukuma pini, au badili waya.

Simu yako haina tundu la hedifoni? Utahitaji adapta ya USB-C. Ziko za namna mbili na kwa nje zinafanana: moja ina chipu ndani inayogeuza dijitali kuwa sauti, nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe sauti yenyewe. Simu nyingi hazitoi. Nunua yenye chipu.

Hatua ya 3: Sawazisha sauti, hapa ndipo wengi wanapokosea

Ndani ya kicheza kuna kikuza sauti kidogo, kilichotengenezwa kwa ajili ya hedifoni. Ndani ya redio kuna kikubwa. Kidogo kinamlisha kikubwa. Ukikibana kile kidogo, redio inalazimika kukuza kila inachopokea, pamoja na mvumo wa mzunguko wa umeme, na unapata ule msss nyuma ya wimbo. Ukikifungulia mpaka mwisho, vilele vya mawimbi vinakatwa na sauti inapasuka hata kabla haijafika kwenye redio. Ikishapasuka huko, hakuna kitufe cha redio kitakachoitengeneza.

Mimi hufanya hivi. Kwenye kicheza nazima ekwalaiza na kila kitu kinachoongeza besi. Natazama pia kama kuna kikomo cha sauti kwenye mipangilio, maana vicheza vingi hutoka kiwandani vikiwa vimefungwa ili kulinda masikio ya mwenye hedifoni. Hapa hatulindi masikio, tunalisha redio. Nakifungua hicho. Kisha nateremsha redio karibu na sifuri, naweka kicheza robo tatu ya sauti yake, na nacheza wimbo ninaoujua vizuri, uliorekodiwa kwa nguvu. Napandisha redio taratibu mpaka kiwango ambacho mtu wa kawaida angesikilizia safarini.

Sasa napandisha kicheza, hatua moja moja, nikisikiliza herufi "s" za mwimbaji na milio ya matoazi. Hivyo ndivyo vinavyoharibika mwanzo. Zile "s" zikianza kukwaruza kama msasa, narudi nyuma hatua mbili, na hapo kicheza kinabaki. Kuanzia siku hiyo sauti inapandishwa na kushushwa kwenye redio peke yake. Besi ukiitaka, iongeze kwenye redio pia.

Jaribio la mwisho ni kurudi FM, kisha AUX tena, bila kugusa kitufe cha sauti. Tofauti ikiwa kubwa kiasi cha kukurusha kwenye kiti, tafuta kwenye menyu ya redio kipengele cha kiwango cha AUX ulinganishe hapo. Kisipokuwepo, kumbuka tu kupunguza sauti kabla ya kubadili. Na kama kicheza chako kina tundu tofauti lililoandikwa LINE OUT, litumie hilo: linatoa kiwango kisichobadilika, halipiti kwenye kikuza sauti cha hedifoni, na nusu ya kazi hii inaisha.

Hatua ya 4: Washa injini, sikiliza mluzi

Mpaka sasa umejaribu gari likiwa limezimwa. Washa injini, simamisha wimbo lakini acha redio kwenye AUX, kisha kanyaga mafuta kidogo. Ukisikia mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini, hiyo ni altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari injini ikizunguka, inaimba kupitia spika zako.

Usikimbilie kununua kitu. Chomoa chaji ya kicheza kwenye tundu la kiberiti. Mluzi ukikoma, umeshajua chanzo: kicheza sasa kina njia mbili za hasi, moja kupitia waya wa AUX na nyingine kupitia chaji. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ndogo ya volti inayochezacheza kwa sababu ya altaneta, na redio inaipokea kama vile ni muziki. Alinijia mtu aliyekwisha kubadilishiwa spika zote nne kwa sababu ya mluzi huo. Nilichomoa chaji, gari likanyamaza, na yeye akanyamaza muda mrefu kuliko gari.

Suluhisho rahisi ni kuchaji nyumbani na kusikiliza kwa betri. Ukilazimika kuchaji ukiwa njiani, weka kitenganishi cha hasi katikati ya waya wa AUX. Ni kikopo kidogo chenye transfoma mbili, moja kwa kila upande. Sauti inavuka kwa sumaku, hasi hazigusani tena. Vile duni hupunguza besi ya chini kabisa, lakini hilo utalizoea upesi kuliko mluzi. Chaji nyingine iliyotengenezwa vizuri zaidi nayo inaweza kusaidia. Malori mengi yana volti 24, kwa hiyo soma maandishi ya chaji: ya volti 12 tupu itaungua huko.

Mluzi usipokoma hata chaji ikitoka, tatizo liko kwenye hasi ya redio yenyewe au waya zake zimelala pamoja na za umeme mkubwa. Hilo ni la kufungua dashibodi.

Hatua ya 5: Kama kuna USB

Hii ndiyo njia tulivu kuliko zote, kwa sababu nyimbo zinaingia kama data na redio inazigeuza yenyewe. Mluzi hauna pa kupita, na kicheza kinachajiwa papo hapo. Kasoro ni kwamba redio nyingi hutambua tu kifaa kinachojitambulisha kama flashi. Simu za Android hutumia mfumo wa MTP, njia nyingine ya kuhamisha faili, na redio nyingi za zamani hazielewi. Utaona inachajiwa tu, nyimbo hakuna.

Ikigoma, hamishia nyimbo kwenye flashi iliyofomatiwa, yaani iliyoandaliwa kuhifadhi faili, kwa mfumo wa FAT32. Mifumo mingine, NTFS na exFAT, hukataliwa na redio nyingi. Faili za MP3 husomwa karibu kila mahali, za FLAC (aina nyingine ya faili za muziki) jaribu kwanza na wimbo mmoja. Nyimbo zikicheza kwa mpangilio usioeleweka, redio yako inafuata jinsi zilivyonakiliwa; zifute, uzinakili upya kwa mfuatano unaoutaka.

Hatua ya 6: Bluetooth

Fungua menyu ya redio, chagua kuoanisha, tafuta jina lake kwenye kicheza. Ikidai namba, jaribu 0000 au 1234. Ikikataa kabisa, huenda orodha ya redio imejaa majina ya simu za zamani, yafute. Ikiunganika ila muziki hautoki, huenda ni Bluetooth ya kupokea simu tu. Muziki unahitaji redio inayoijua A2DP, ile njia ya Bluetooth ya kupitisha muziki wa stereo, na hilo haliongezwi kwa kubonyeza kitufe. Sauti ya kicheza iweke juu, kama kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 7: Kaseti, kisha FM

Usiicheke adapta ya kaseti. Ndani yake kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachokabiliana na kichwa cha deki, na sauti inaruka kutoka kimoja hadi kingine. Nikiwa na deki safi, naichagua mbele ya FM bila kufikiri. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, ingiza kaseti waya ukiwa upande ambao mlango hautaubana. Ikitemwa kila mara, deki inadhani mkanda umeisha kwa sababu magurudumu hayazunguki vizuri, badili adapta. Sauti ikiwa finyu, bonyeza kitufe cha kugeuza upande, kwani huenda deki inasoma upande usio na kichwa.

FM ni ya mwisho. Kirushio chenyewe ni kituo kidogo cha redio kwenye tundu la kiberiti, na kinashindana na vituo vikubwa. Tafuta masafa matupu, ambayo pia jirani zake pande zote mbili hawana kituo, kisha weka kirushio na redio hapo hapo. Ukisafiri mbali utayabadili. Redio zilizotengenezwa kwa soko la Japani za zamani huishia MHz 90, wakati virushio vingi huanzia 87.5, kwa hiyo una nafasi finyu mno ya kuchagua. Nguvu ya kirushio hudhibitiwa kisheria katika nchi nyingi, kwa hiyo usikifungue kukiongezea antena.

Hatua ya 8: Funga waya, ficha kicheza

Pitisha waya mbali na gia, breki ya mkono, kanyagio na mahali mifuko ya hewa inapofungukia. Ubane kwa klipu ndogo, ukiacha ulegevu wa vidole vinne karibu na kila pini, maana pini hufia pale waya unapopinda. Kicheza kiweke kwenye kisanduku, kamwe kisilale juu ya dashibodi. Betri ya lithiamu na jua la kioo cha mbele havipatani. Kabla hujafunga kila kitu, endesha gari kwenye barabara yenye mashimo kwa dakika tano. Sauti ikikatika kwenye kila shimo, sogeza pini ile iliyolegea uone ni ya upande gani, kisha badili waya mzima badala ya kuufunga selotepu.