Konokono wadogo wa msitu wa Amani: chekecha, usitafute kwa macho tu

Wengi wa konokono wa jenasi ya Gulella ni wa milimita chache tu, na spishi kadhaa haziishi popote ila kwenye milima ya Tao la Mashariki, safu ya Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya ulimo msitu wa Amani. Hukaa ndani ya mboji. Anayeangaza macho kwenye vigogo hurudi na wale wakubwa peke yao.

Kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) na ruhusa ya ofisi ya hifadhi vitangulie.

Pima kiwanja cha mita 20 kwa 20. Watu wawili watafute kwa muda wa saa moja chini ya magogo na nyuma ya majani, kisha zoeni lita 4 za mboji, konzi hapa konzi pale, hasa kwenye mifuko yenye unyevu katikati ya mizizi ya miti ya mtambaa na msambu. Majani makavu ya juu yaacheni. Mnataka yale ya chini, yaliyoanza kushikana kwa nyuzi nyeupe za kuvu. Tieni kwenye mfuko wa kitambaa: ndani ya plastiki mboji hupata joto, konokono hufa wakaoza.

Wazima watolewe siku hiyohiyo. Inayobaki itandazwe kivulini juu ya gazeti mpaka ikauke, kwani mboji mbichi hujiviringa madonge na konokono wakabaki humo. Chekecha kwa matundu ya milimita 10, halafu 2, halafu 0.5. Kilichobaki kwenye chekeche mbili za mwisho kimwage kwenye sahani nyeupe, kijiko kwa kijiko, na lenzi mkononi. Hapa ndipo wengi huchoka wakaruka.

Okota kwa brashi ya rangi iliyoloweshwa. Kibano huvunja mdomo wa gamba (tundu anamotokea konokono), na spishi za Gulella hutambuliwa kwa meno ya mdomoni humo. Konokono mchanga ambaye meno bado hayajaota mwandike "Gulella" basi. Kubahatisha kunaharibu orodha nzima.

Gulella hula konokono wenzao, kwa hiyo kila mzima na kichupa chake. Jaza maji hadi kifuniko, pasibaki hewa, alale humo usiku kucha ili afe akiwa amejinyoosha, kisha mhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Kipande cha kupima DNA kiwekwe kwenye asilimia 96. Fomalini usiguse, tindikali yake hula gamba.

Lebo yenye mahali, mwinuko na tarehe iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka, na lebo ya nje hubanduka.