SOMO: Gari ya zamani inayozima njiani halafu inawaka yenyewe

Wakuu, habari za kazi. Kuanzia Gungu hadi Ujiji naulizwa jambo hili hili: gari inatembea vizuri, inazima ghafla, ukikaa kidogo inawaka. Na karibu kila anayeuliza ameshanunua plagi, pampu na betri. Naandika mara moja. Akija mwingine nitamwelekeza hapa. Nazungumzia gari za petroli za miaka ya 90 zenye EFI (mafuta yanapulizwa kwa kuongozwa na kompyuta), hasa Toyota Corolla AE100. Tafuta multimita, msasa, plagi ya ziada na kipande cha waya.

1. Iangalie inavyozima. Dashibodi yote ikiingia giza pamoja na injini, umeme mkuu umekatika: terminali, fyuzi kubwa au swichi ya funguo. Taa za chaji na oili zikiwaka huku injini imekufa, umeme mkuu upo. Ikikata papo hapo, anza na moto wa plagi. Ikikohoa na kupoteza nguvu kwanza, anza na mafuta.

2. Soma kodi (namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini) kabla hujagusa betri, maana ukichomoa terminali unazifuta. Kwenye kisanduku cha uchunguzi (soketi yenye matundu yaliyoandikwa majina) unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka funguo ON, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Kodi 12 inakupeleka kwenye piki-apu (sensa za mzunguko) za distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, na waya zake, 14 kwenye igniter (swichi ya umeme ya koili) na waya zake.

3. Betri iliyopumzika: voliti 12.6. Injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta): 13.8 hadi 14.4. Chini ya hapo angalia belti na brashi za alteneta.

4. Erthi, yaani waya zinazounganisha hasi ya betri na injini na bodi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi anaweka multimita kwenye mlio, inalia, anasema erthi nzima. Waya uliobaki nyuzi mbili nao utalia, lakini ukipewa mzigo unashindwa. Pima kukiwa na mzigo. Weka mita kwenye voliti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye kichwa chenyewe cha hasi ya betri (si kwenye terminali iliyokishika), nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini. Mwenzako apige stata. Ikizidi voliti 0.5, erthi ya injini ni mbovu. Rudia kwenye bodi, injini ikiunguruma na taa kubwa na feni zimewashwa, ikizidi 0.2, fungua boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Ukikuta unga wa kijani ndani ya mpira, badilisha waya wote. Gari zinazobeba chumvi ya Uvinza zichunguzwe zaidi: chumvi ikipata unyevu inakula maungio, na huoni kitu mpaka uchune mpira.

ONYO: usichomoe terminali injini ikiunguruma eti unapima alteneta. Voliti zinaruka juu ghafla na zinaweza kuua kontroo boksi. Multimita inakupa jibu hilo hilo salama.

5. Ikiwa silensa, gonga rilei (swichi ndogo ya umeme) ya EFI na ya pampu ya mafuta taratibu kwa mpini wa bisibisi. Tikisa soketi, waya na funguo. Injini ikistuka, umepata palipo na ubovu.

6. Inayozima ikiwa moto ipime wakati huo huo imezima, kabla haijapoa. Plagi ya ziada ichomeke kwenye waya wa plagi, iguse chuma, mbali na mvuke wa petroli, piga stata. Moto wa plagi hakuna: koili, igniter, piki-apu. Moto wa plagi upo: kwenye kisanduku kile kile cha uchunguzi unganisha FP na +B, funguo ON. Ikiwaka sasa, pampu ni nzima. Tafuta kwenye rilei yake.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanga: Mkuu, yangu inazima zima, nibadilishe nini?

Jibu: Anza hatua ya 1, uje na majibu.

Mdau wa Mwanga: Fundi kasema pampu.

Jibu: Aliipima? Kama hakupima, hajui, na anayelipa ni wewe.

Mdau wa Kasulu: Shikamoo fundi. Yangu inazima usiku tu, nikiwasha taa kubwa na feni. Kwa nini mchana haisumbui?

Jibu: Marahaba, umeuliza vizuri. Balbu mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9. Umeme huo unarudi betri kupitia erthi; ikiwa dhaifu, kontroo boksi na sensa zinasoma vibaya. Washa taa injini ikiunguruma, upime betri. Ikibaki juu ya 13.5, alteneta ni nzima, nenda hatua ya 4. Erthi nayo ikiwa safi, osha vali ya silensa (inayopitisha hewa injini ikiwa silensa). Ikijaa masizi, haiinui resi mzigo unapoongezeka. Niletee vipimo, tutasoma pamoja.

Mdau wa Ujiji: Kodi hakuna, erthi safi, rilei mpya. Bado inakata kwenye mashimo.

Jibu: Ina alamu ya wizi?

Mdau wa Ujiji: Ndiyo, alifunga mwenye gari wa kwanza.

Jibu: Fungua chini ya usukani. Alamu nyingi hukata waya wa swichi au wa pampu na kuupitisha kwenye rilei yake. Maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu yanalegea kwa mtikisiko.

Mdau wa Ujiji: Nimeuona, umeungua kwenye kiungo!

Jibu: Safi sana. Chomoa betri kwanza. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, unga kwa waya wa unene ule ule, piga lehemu, funika kwa mpira wa joto. Fyuzi ibaki saizi yake ya kiwandani.