Laptopu imekuwa nzito? Ipime kabla hujainunulia RAM

Wengi wanaofika mezani kwangu Kariakoo huanza hivi: "Fundi, niongezee RAM," yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mwanafunzi mmoja alikuja na RAM ya DDR4 aliyokwisha kuilipia, na laptopu yake ni HP EliteBook 840 G1 inayotumia DDR3L, aina nyingine ya RAM. Ule mkato wa katikati ya meno haulingani, kwa hiyo haiingii. Kilichoniuma zaidi ni kwamba RAM haikuwa tatizo lake kabisa.

Hatua ya 1: Jua inapokwama. Fungua kila unachotumia siku ya kazi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lifunguke dirisha la Task Manager linaloonyesha diski, RAM na prosesa zinavyotumika. Diski ikigota 100% huku RAM ina nafasi, mchawi ni hadidiski, yaani diski ya kuzunguka inayohifadhi mafaili. RAM ikijaa na diski ikaanza kuhangaika baada ya hapo, hapo RAM inahitajika kweli. Prosesa ikiwa ndiyo imejaa muda wote, safisha vumbi la feni na ubadilishe pesti ya kupitisha joto la prosesa, upime tena. Isipobadilika, usiongeze hata shilingi, maana laptopu nyingi prosesa yake imechomelewa kwenye ubao.

Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa. i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-8250U ni cha 8. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Kama kazi yako inadai programu za Windows na mashine ni ya kizazi cha 4, weka akiba ununue nyingine. Kama ni kuandika na kuvinjari, Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, inatosha.

Hatua ya 3: Anza na diski. Hadidiski ya mizunguko 5,400 kwa dakika husoma takriban MB 100 kwa sekunde, SSD (diski isiyo na kinachozunguka) ya SATA, inayowekwa mahali pa hadidiski, hupita 500. Lakini raha yenyewe iko kwenye mafaili madogo madogo: kichwa cha hadidiski lazima kisafiri kulifuata kila moja, SSD haina cha kusafirisha. Kabla ya kubadilisha diski, nakili kazi zako pembeni kwanza. Tafadhali, usiruke hapo.

Hatua ya 4: RAM. Zima, chomoa chaja, toa betri. Soma kibandiko: PC3L ni DDR3L ya volti 1.35, PC4 ni DDR4. Hakikisha nafasi ya kuchomeka RAM ipo, kwani laptopu nyingine RAM yake imechomelewa. Ingiza kwa mshazari, kisha ilaze mpaka vibanio vya pembeni vilie "ta!"

Hatua ya 5: Piga hesabu yote. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na wa sasa. Jumlisha bei za betri, SSD na RAM unazohitaji. Mimi jumla ikipita nusu ya bei ya laptopu iliyotumika ya kizazi cha 8, namwambia mteja aache.

Yule mwanafunzi alirudisha DDR4 dukani, akabadilishiwa SSD ya GB 256. Tukaweka Linux Mint, na GB 8 za RAM alizokuwa nazo tangu mwanzo hazijaguswa mpaka leo.