Jinsi ya Kumfunga Farasi kwa Fundo Linalofunguka kwa Mvuto Mmoja

Farasi mkubwa wa kupandwa huwa na uzito wa takriban kilo 400 hadi 600, na silaha yake ya kwanza dhidi ya hatari ni kukimbia. Anaposhtuka na kuhisi kwamba kichwa chake kimeshikwa, hurudi nyuma kwa nguvu zake zote, na kadiri hatamu, yaani mikanda aliyovishwa kichwani, inavyombana nyuma ya masikio ndivyo anavyozidi kuvuta. Hapo fundo la kawaida hukaza kiasi kwamba vidole haviwezi kulifungua, naye anaweza kuteleza, kuanguka au kuumia shingo huku mwenye kumtunza akihangaika na kamba. Fundo linaloelezwa hapa hushika imara pale farasi anapovuta upande wake, lakini huachia pale mtu anapovuta ncha ya upande wa pili.

Kabla ya kushika kamba, tazama kwanza unamfunga kwenye nini. Nguzo iliyochimbiwa chini sana au pete ya chuma iliyokazwa ukutani inafaa. Geti, mlango na ubao wa uzio havifai hata kidogo, kwa sababu farasi akiung'oa ubao atakimbia akiuburuta, na kila unapomgonga miguuni atazidi kuingiwa na hofu. Pete iwe kwenye kimo cha mabega ya farasi au juu zaidi, kwani kamba iliyofungwa chini humruhusu kuivuka kwa mguu wa mbele na kunasa.

Mfunge kwa hatamu ya kichwani isiyo na lijamu, yaani chuma cha mdomoni, wala usitumie kamwe zile kamba ambazo mpandaji humwongozea farasi. Lijamu hukaa juu ya ulimi na ufizi, na farasi anayevuta akiwa amefungwa kwa chuma hicho anaweza kujijeruhi vibaya sana mdomoni. Kamba nzuri ni nene, ya pamba au kitu kingine laini, yenye urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu. Kamba nyembamba ya nailoni huunguza viganja inapochomoka kwa kasi, kwa hiyo glavu ni za lazima na si mapambo.

Watunzaji wengi huweka kitanzi kidogo cha uzi wa katani kwenye pete, kisha hufunga kamba kwenye kitanzi hicho badala ya kuifunga kwenye chuma chenyewe. Lengo ni kwamba uzi ukatike kabla shingo haijaumia. Naiunga mkono desturi hii, ila uzi wa plastiki unaofungia marobota ya nyasi ni mgumu kuliko unavyoonekana, na mara nyingi hatamu ndiyo hutangulia kukatika. Ikiwa huo ndio ulio nao, uchambue na utumie sehemu yake tu.

Sasa fundo lenyewe. Simama ukiitazama pete, farasi akiwa upande wako wa kulia, na upitishe ncha ya kamba ndani ya pete kutoka kulia kwenda kushoto. Zitaning'inia pande mbili: wa kulia unakwenda kwa farasi, na wa kushoto ni ncha iliyo huru. Shika upande ulio huru kiasi cha shubiri moja chini ya pete, uupeleke kulia, uuzungushe kuelekea juu, kisha uurudishe kushoto ukipita mbele ya sehemu yake yenyewe inayotoka kwenye pete. Kitapatikana kitanzi cha duara, chenye nafasi ya kupitisha ngumi, ambacho kinalala mbele ya upande wa farasi. Hakikisha kwamba ncha inayoning'inia kushoto imepita mbele, si nyuma, maana ikipita nyuma fundo zima litafumuka.

Hatua inayofuata ndiyo yenye siri yote. Usichukue mwisho wa kamba, bali kunja sehemu ya ncha iwe mkunjo wa tabaka mbili. Pitisha mkunjo huo nyuma ya pande zote mbili za kamba, ule ulio huru na ule wa farasi, kisha utokeze mbele ndani ya kitanzi. Uvute mkunjo kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukilisukuma fundo juu hadi likaribie pete, na umalizie kwa kuvuta upande wa farasi ili likae. Mkunjo unaobaki nje uwe na urefu wa kiganja, na mwisho wa kamba uning'inie mahali unapoweza kuufikia bila kupita mbele ya farasi. Katika kazi hii yote usizungushe kamba mkononi wala usiache kidole ndani ya kitanzi, kwa kuwa farasi akivuta ghafla wakati huo, kidole hakina nafasi ya kutoka.

Lijaribu kabla ya kulitegemea. Vuta upande wa farasi kwa uzito wa mwili wako, kisha vuta ncha mara moja. Kamba yote inapaswa kuachia. Ikiwa haikuachia, yaelekea ulipitisha mwisho wenyewe badala ya mkunjo. Ikiwa kamba iliteleza kwenye pete ulipovuta upande wa farasi, mkunjo haukupita nyuma ya upande huo. Ni vyema kujizoeza kwenye nguzo tupu mpaka mikono ifanye bila macho, kwa sababu siku utakapolihitaji fundo hili hutakuwa na muda wa kukumbuka kushoto na kulia.

Kamba kati ya hatamu na fundo iwe na urefu wa karibu mkono mmoja. Farasi aweze kusimamisha kichwa katika hali yake ya kawaida na kugeuka kidogo kutazama, lakini asiweze kukifikisha ardhini.

Wapo farasi wanaojifunza kuivuta ncha kwa meno na kujifungua. Dawa yake ni kupitisha ncha, kwa ulegevu, ndani ya mkunjo uliobaki nje. Hilo husaidia, ila kumbuka kwamba fundo sasa halifunguki kwa mvuto mmoja: lazima kwanza uichomoe ncha. Kwa farasi mwenye woga mimi nisingelifanya. Ni heri ajifungue mara kwa mara kuliko kupoteza sekunde hizo anapopambana. Aidha, fundo lililovutwa kwa nguvu mara nyingi mfululizo linaweza kugoma, hivyo weka kisu kikali karibu.

Farasi mchanga ambaye hajafundishwa kulegea anapovutwa kichwani asifungwe kabisa. Zungusha kamba mara moja tu kwenye nguzo na ushike mwisho wake, ili uweze kumwachia na kumrudisha taratibu. Hata aliyezoea asiachwe peke yake.

Akianza kurudi nyuma, usisimame mbele yake wala kati yake na ukuta. Nenda pembeni, vuta ncha, mwache arudi hatua chache mpaka atulie. Kazi ikiisha kwa amani, shika kwanza kamba karibu na hatamu, ndipo uvute ncha kwa mkono wa pili, asije akaondoka akiikanyaga kamba inayoburutika. Kamba iliyopata mvuto mkali uikague yote kwa vidole, pamoja na kulabu yake ya kushikia hatamu, na ukikuta nyuzi zilizokatika, usiitumie tena kumfungia farasi.